Mtandao wa niuroni unavurugika: anza na miunganisho

Ujumbe unaonifikia kutoka kwa vijana wa huku Kigoma wanaojifunza kuiga ubongo kwa kompyuta unafanana kana kwamba wamepeana. Mmoja yuko Ujiji, mwingine Mwanga, mwingine chuoni Tabora, na wote huanza hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mtandao umegoma." Ukiuliza umegoma vipi, majibu hayazidi aina chache. Umezima. Umejaa. Hautulii. Jana ulitoa jibu hili, leo unatoa lile. Na karibu kila mmoja anakuwa ameshaanza kuifumua fomula ya niuroni, yaani seli ya neva ya kuigwa, kabla hajauliza.

Usiifumue. Mara nyingi niuroni haina kosa. Kosa hukaa kwenye jedwali la uzito: nani anamtumia nani, kwa nguvu gani, kwa alama ya kujumlisha au ya kutoa. Nimepanga mambo kwa dalili, na chini ya kila dalili chanzo kinachojitokeza zaidi ndicho kinachotangulia.

Mtandao ninaouzungumzia ni ule wa kawaida. Kila niuroni ina hali yake, na hali hiyo hufifia kuelekea sifuri kwa muda maalumu tuuite tau. Wakati huohuo inapokea jumla ya matokeo ya wenzake, kila tokeo likiwa limepitishwa kwenye kazi ya hisabati iitwayo tanh ili lisivuke 1 wala kushuka chini ya −1, kisha likazidishwa kwa uzito wa muunganisho. Kwenye jedwali, safu mlalo ni ya mpokeaji na safu wima ni ya mtumaji. Mwaka 1988 Haim Sompolinsky, Andrea Crisanti na Hans-Jürgen Sommers walionyesha kwamba mtandao wa namna hii, ukiwa mkubwa, na uzito wake ukichotwa kwa bahati nasibu wenye wastani wa sifuri na variansi ya g²/N, una mpaka mmoja ulio wazi. N ni idadi ya niuroni, na g ni nguvu ya jumla ya miunganisho. g ikiwa chini ya 1, shughuli zote hufa. Ikipita 1, vurugu huanza zenyewe bila mtu kuuchokoza mtandao kutoka nje.

Vurugu hizo si bahati nasibu. Kila hatua inafuata kanuni ileile. Kinachotokea ni kwamba tofauti ndogo kati ya mianzo miwili hukua maradufu, tena maradufu, hadi njia mbili zilizoanza pamoja zinakuwa hazijuani.

Kabla ya kugusa chochote

Andika mahali idadi ya niuroni, thamani ya g, uwezekano wa niuroni moja kuunganishwa na nyingine, hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja na inayofuata), na namba ya mbegu, yaani namba ya kuanzia uliyompa mzalishaji wa namba nasibu. Asiye na hivi vitano asinitumie picha ya skrini, maana hatuna cha kuzungumza.

Kisha kokotoa thamani aigeni za jedwali lako, yaani namba zinazoonyesha jedwali linakuza au kufifisha ishara kwa kiasi gani, na uzichore kama nukta kwenye karatasi ya grafu, sehemu halisi ikiwa mlalo na sehemu ya kufikirika ikiwa wima. Kwa jedwali la 1000 kwa 1000, NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, kwenye laptopu ya kawaida haitakuweka muda mrefu. Unachotarajia kukiona ni duara lililojaa nukta, kitovu kikiwa sifuri na nusu kipenyo kikiwa g. Ukiona kitu kingine, yaani duara dogo kuliko ulilotaka, nukta moja iliyokimbilia mbali, yai badala ya duara, au nukta zote zimerundikana sifuri, usiendeshe kwanza. Umeshapata nusu ya jibu.

"Mtandao unazima baada ya muda mfupi"

Grafu inaanza na mikunjo mizuri, inapungua, halafu mistari yote inalala sifuri.

Chanzo cha kwanza, na kwa mbali, ni kugawanya vibaya. Mkengeuko sanifu wa uzito unatakiwa uwe g ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha N. Wengi wanagawanya kwa N yenyewe. Ukiwa na niuroni 1000, umeupunguza uzito mara 31 zaidi ya ilivyotakiwa, na hakuna g ya kawaida itakayoufufua mtandao huo.

Cha pili kinafanana nacho ila kimejificha vizuri zaidi: mtandao si wa kila mmoja na kila mmoja. Tuseme umeamua kila niuroni iunganishwe na nyingine kwa uwezekano wa 0.1. Sasa kila niuroni inapokea kutoka kwa wenzake 100 hivi, si 1000, na kinachotakiwa chini ya kipeuo ni hiyo 100. Kijana mmoja aliniletea mtandao wenye g ya 1.5 "uliokataa kuvurugika". Alikuwa amegawanya kwa kipeuo cha 1000. Nusu kipenyo cha duara lake kilitoka 0.47, ambayo ni 1.5 mara kipeuo cha 0.1. Mtandao haukukataa chochote, ulikuwa unatii.

Cha tatu: una kizingiti kwenye niuroni, na hakuna ishara yoyote ya kuivusha hapo. Ongeza ingizo dogo lisilobadilika kwa kila niuroni uone kama inaamka.

Kama duara limevuka 1 na bado kimya, hakikisha hukuanzia sifuri kamili. Kwa tanh, sifuri ni pa kupumzikia hata pasipokuwa na utulivu. Usiposukuma kidogo, mtandao utakaa hapohapo.

"Niuroni zote zimejaa, zimegonga dari"

Hapa mistari inapanda yote kwenye 1, au inashuka yote kwenye −1, na inabaki huko.

Nenda moja kwa moja kwenye wastani wa uzito. Kosa linalorudi kila msimu ni kutumia kazi ya NumPy inayotoa namba kati ya 0 na 1 mahali palipohitaji namba za pande zote mbili za sifuri. Hebu tulitazame kwa karibu, kwa sababu linafundisha mengi. Namba hizo zina wastani wa 0.5 na mkengeuko sanifu wa takriban 0.29. Zigawe kwa kipeuo cha 1000. Mtawanyiko wake unakupa duara dogo la nusu kipenyo 0.29, yaani kimya kabisa. Lakini wastani wake unajumlishwa mara elfu moja, kwa hiyo nukta moja inachomoka peke yake na kusimama karibu na 15.8. Nukta hiyo ndiyo inayoutawala mtandao wote. Inazisukuma niuroni zote upande mmoja kwa pamoja, na upande gani hutegemea ulianzia wapi.

Jaribio la nusu dakika: jumlisha kila safu mlalo. Jumla zikiwa zinacheza huku na huku ya sifuri, uko salama. Zote zikiwa chanya na zinakaribiana, umeshamkamata. Toa wastani kwenye jedwali zima, au chota upya kwa mgawanyo wa kawaida.

Chanzo cha pili ni g kubwa kupita kiasi. Ukiweka 10, mtandao hautulii, ila kila niuroni inarukaruka kati ya dari na sakafu, na ukichora picha pana unaweza kudhani imekwama. Vuta grafu karibu kabla ya kuhukumu.

"Naendesha programu ileile mara mbili, napata majibu tofauti"

Dalili hii ndiyo inayowatisha watu zaidi, na kila mara naipa nafasi kubwa kwa sababu wengine wameshaanza kulaumu kompyuta.

Tazama mahali njia mbili zinapoachana. Zikitofautiana tangu hatua ya kwanza, tatizo ni mbegu. Hukuiweka, au uliiweka baada ya kuchota uzito, au kuna sehemu ya programu inayochota kutoka kwa mzalishaji mwingine. Rekebisha, maliza, endelea.

Zikienda pamoja kwa muda mrefu, kisha zikaanza kuachana taratibu, halafu kwa kasi, mbegu haina kosa. Hizo ni vurugu zenyewe zinakuza tofauti ndogo iliyoingia mahali fulani. Mahali penyewe ni pa kawaida. Kompyuta yenye viini vingi hugawana kujumlisha, na mpangilio wa kujumlisha ukibadilika, tarakimu ya mwisho inabadilika. Namba ya desimali ya biti 64 hubeba tarakimu 16 hivi, ya biti 32 hubeba 7 hivi. Chukua mtandao ambao tofauti zake hukua kwa kipeo cha 0.1, yaani asilimia kumi hivi, kwa kila tau moja. Kosa la ukubwa wa 10⁻¹⁶ litachukua takriban tau 370 kufikia ukubwa wa ishara yenyewe. La 10⁻⁷ litachukua takriban tau 160. Kwa hiyo aliyepunguza biti ili programu iende haraka, akaona njia zinaachana mapema kuliko kwa mwenzake, hajaharibu kitu. Amefupisha muda wa kuaminiana tu.

Sasa la huku kwetu. Umeme ukikatika katikati ya kazi ya usiku, mwenye akili anakuwa amehifadhi hali ya mtandao kila baada ya muda ili aendelee alipoishia. Vizuri sana. Lakini wengi wanahifadhi kwenye faili la maandishi lenye tarakimu nne au sita baada ya nukta, kwa kuwa linasomeka. Umeme ukirudi, mtandao unaanza na namba zilizokatwa mkia, na baada ya muda mfupi unapita njia nyingine kabisa. Ndicho kilichompata Edward Lorenz huko Marekani mwaka 1961 alipokuwa anaiga hali ya hewa. Aliingiza upya 0.506 badala ya 0.506127, akarudi akakuta hali ya hewa nyingine, na mwaka 1963 akatoa makala iliyofungua uwanja mzima wa utafiti. Wewe hifadhi kwa mfumo wa baini wenye tarakimu zote. Na hifadhi pia hali ya mzalishaji wa namba nasibu kama mtandao wako una kelele.

Hata ukifanya yote hayo, usilinganishe njia. Linganisha takwimu: wastani wa shughuli, variansi, na muda ambao niuroni inakumbuka hali yake ya nyuma. Mtandao wenye vurugu hurudia takwimu zake vizuri kabisa huku njia zake zikikataa kurudiwa.

Na ukitaka kujua kwa uhakika kama ni vurugu, pima kipeo cha Lyapunov, yaani kasi ambayo tofauti ndogo hukua. Endesha mtandao hadi msukosuko wa mwanzo upite. Tengeneza nakala, isukume kwa 10⁻⁸, endesha zote mbili kwa tau moja, pima umbali kati yake, chukua logi asilia ya umbali ukigawanywa kwa 10⁻⁸. Irudishe nakala iwe karibu tena kwa 10⁻⁸ ikielekea upande uleule, kisha rudia mara nyingi na utafute wastani. Chanya ni vurugu. Karibu na sifuri ni mzunguko. Hasi ni utulivu, hata kama grafu inaonekana imechafuka. Ipo mitandao ya niuroni za kuzuia tupu (zinazopunguza shughuli za wenzake) ambayo mapigo yake yanaonekana hayana mpangilio wowote, na bado kipeo chake ni hasi. Jicho halipimi vurugu.

"Nimeweka g juu ya 1 lakini unazunguka tu"

Niuroni 50, g ya 1.2, na grafu inatoa wimbi lilelile bila kuchoka. Hakuna kilichoharibika. Mpaka wa g sawa na 1 ni wa mtandao mkubwa sana. Mtandao mdogo ukivuka mpaka huo huangukia kwanza kwenye mzunguko, au hata kwenye hali tulivu isiyo sifuri, na hilo linategemea jedwali ulilochota. Badilisha mbegu uone tabia nyingine. Ongeza N ifike mamia kadhaa, au pandisha g ifike 1.5 au 2. Na subiri. Karibu na mpaka kila kitu kinakwenda polepole mno, kwa hiyo unachokiita mzunguko kinaweza kuwa msukosuko ambao haujaisha.

Chanzo cha pili ni ulinganifu. Kuna wanaojaza nusu ya juu ya jedwali na kuinakili kwenye nusu ya chini ili kuokoa kazi, bila kujua kwamba wamebadilisha mnyama. Uzito wa kwenda ukiwa sawa na wa kurudi kwa kila jozi, mtandao unaoenda kwa muda mwendelezo una kipimo kama cha nishati kinachoshuka tu, na kinachoshuka tu hakiwezi kuvurugika. Utaishia kwenye hali tulivu moja kati ya nyingi. John Hopfield alitumia sifa hiyohiyo mwaka 1982 kutengeneza mtandao wa kumbukumbu, unaobeba takriban mifumo 0.138 kwa kila niuroni kabla haujachanganyikiwa. Ulinganifu ni mzuri ukiutaka. Ukiwa unatafuta vurugu, ni breki.

Kati ya hizo mbili kuna hali ya nusu ulinganifu, na hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na ubongo, kwa sababu vipimo vya gamba la ubongo la panya vimeonyesha jozi za kupeana na kupokezana ni nyingi kuliko bahati nasibu ingetoa. Hapo duara linageuka yai lililonyooshwa kwa mlalo, ukingo wa kulia unafika g mara (1 + uwiano wa kwenda na kurudi), na shughuli zinapovuka mpaka zinakuwa za polepole, za kujivuta. Ukiona yai kwenye mchoro wako, angalia kama uliunakili upande mmoja bila kukusudia.

"Niliweka vikundi, hesabu inasema kimya, mtandao unachemka"

Hili ni suala la mpangilio wa miunganisho hasa, na ndilo ninalolipenda kuliko mengine yote.

Ubongo haukuunganishwa kama mchele uliomwagwa. Kuna vikundi, kuna niuroni zenye miunganisho mingi kupita wenzake, kuna njia za mkato. Anayejenga mtandao wenye vikundi viwili hupenda kuchukua wastani wa variansi zote na kusoma g kutoka humo. Wastani unadanganya.

Chukua niuroni 1000. Mia moja ni kikundi kidogo kilichofungamana sana, g yao kwa wao ni 4. Miunganisho mingine yote, ya ndani ya kikundi kikubwa na ya kati ya vikundi, ina g ya 0.5. Wastani wa variansi ni 0.41 na kipeuo chake ni 0.64. Ukisoma hapo utasema mtandao utazima. Sasa fanya inavyotakiwa: tengeneza jedwali dogo la 2 kwa 2, kila chumba kikiwa g mraba mara sehemu ya kikundi kinachotuma. Safu mlalo ya kwanza inatoka 1.6 na 0.225. Ya pili 0.025 na 0.225. Thamani aigeni kubwa ya jedwali hilo ni 1.60, na kipeuo chake ni 1.27. Mtandao umevuka mpaka. Kikundi cha asilimia kumi kinavuruga, na kinawaburuza wengine asilimia tisini ambao wakiachwa peke yao wangelala. Kanuni hii ya vikundi ilielezwa na Johnatan Aljadeff, Merav Stern na Tatyana Sharpee mwaka 2015, na ni ya thamani kwa mtu mwenye laptopu ndogo, kwani unaweza kutabiri tabia ya mtandao mkubwa kwa kalamu.

Ukaguzi mwepesi: zima miunganisho ya ndani ya kikundi kimoja, endesha. Iwashe, zima ya kikundi kingine. Utajua moto unatoka jiko gani kabla ya hesabu yoyote.

Kinyume chake pia huletwa kwangu: "uzito ni mkubwa sana lakini hakuna vurugu." Fuata mishale. Kama kila mshale unakwenda mbele na hakuna unaorudi, mtandao wako ni Reli ya Kati ya siku ambayo magari yote yanatoka Dar es Salaam, yanapita Tabora, mengine yanachepuka kwenda Mwanza, mengine yanakuja kuishia hapa Kigoma, na hakuna behewa linalorudi. Bila kitanzi hakuna vurugu, hata uzito uwe mia. Thamani aigeni zote ni sifuri. Utaona tu mruko mkubwa wa mara moja: ishara inakuzwa kituo hadi kituo, inafika mwisho, inaisha. Wanaouona mruko huo hudhani ni mwanzo wa vurugu. Sivyo. Ongeza muunganisho mmoja wa kurudi wenye nguvu ya kutosha na mambo ndipo yanabadilika, kwa hiyo hesabu vitanzi kwanza.

Waliopakua ramani ya mnyoo Caenorhabditis elegans, mwenye niuroni 302, wana shida yao ndogo. Ramani iliyotolewa mwaka 1986 inakuonyesha nani anamgusa nani, haikupi uzito wala alama. Na miguso ya kiumeme ni ya pande mbili, kwa hiyo inaleta ulinganifu niliousema juu. Vurugu utakazoziona humo nyingi umeziweka wewe ulipochagua alama.

"Niuroni zote zinapiga kwa pamoja"

Hii ni ya mitandao ya mapigo, ambayo niuroni zake hutumiana mapigo mafupi, zingine zikiwa za kusisimua na zingine za kuzuia. Badala ya mchoro wa nukta zilizosambaa kama mvua, unaona mistari wima: zote zimepiga, kimya, zote zimepiga tena.

Anza na alama. Niuroni moja ikisisimua, inasisimua wote inaowatumia. Ikizuia, inazuia wote. Alama ni ya mtumaji, kwa hiyo inakaa kwenye safu wima. Anayeiweka kwenye safu mlalo anapata niuroni zinazopokea chanya tupu na zingine hasi tupu, asilimia themanini zimejaa na ishirini zimenyongwa. Chora jedwali kama picha ya rangi mbili, utaona mistari imelala badala ya kusimama.

Kisha uwiano. Gamba la ubongo lina takriban niuroni nne za kusisimua kwa moja ya kuzuia, hivyo kila muunganisho wa kuzuia lazima uwe na nguvu kama mara nne ili tu kusawazisha. Chini ya hapo mtandao unapiga kwa pamoja na kwa kasi. Nicolas Brunel alichora ramani ya maeneo haya mwaka 2000. Wanaotumia NEST au Brian, programu za kuiga mitandao ya mapigo, wanaweza kuanza na uzuiaji wenye nguvu mara 5 na kutembea kutoka hapo.

Tatu, ukubwa wa uzito. Ukiugawa uzito kwa idadi ya miunganisho K, mtikisiko unayeyuka na niuroni zinapiga kama saa. Carl van Vreeswijk na Sompolinsky walionyesha mwaka 1996 kwamba ukigawa kwa kipeuo cha K, msisimko mkubwa na uzuiaji mkubwa vinafutana, kinachobaki ni mtikisiko, na mtandao unavurugika wenyewe hata ingizo likiwa shwari.

Mwisho, ucheleweshaji wa mapigo. Ukiwa sawasawa kwa wote unaalika mdundo. Utawanye.

Acha hapo. Mapigo ya pamoja yanafanana na yale ya kifafa kwenye vitabu, na mtu asiye na nia mbaya anaweza kuanza kueleza hali ya ndugu yake kwa mtandao wa laptopu. Mwenye degedege au kuzimia apelekwe hospitali. Usibadilishe dawa ya mtu, usimtafsirie kipimo cha ubongo, hata kama grafu zinafanana kama pacha.

"Vurugu zinatoweka nikibadilisha hatua ya muda"

Basi hazikuwa vurugu za mtandao. Zilikuwa za hesabu yako. Igawe hatua ya muda kwa mbili, endesha tena, linganisha takwimu. Anza na tau ukigawanya kwa kumi. Hatua ikifika tau mbili, kule kufifia tu kunageuka kuzidisha kwa −1, na niuroni iliyo peke yake itarukaruka milele bila mwenzake kuigusa. Na aliyeandika mtandao wa hatua kwa hatua bila tau asitarajie tabia ileile na ya mwendelezo. Ni mitandao miwili.

"Nikiingiza ishara, vurugu zinapotea"

Hiyo si hitilafu. Ingizo lenye nguvu ya kutosha linanyamazisha vurugu na kuufanya mtandao umfuate aliyeuita. Kanaka Rajan, L. F. Abbott na Sompolinsky walilieleza mwaka 2010. Wanaofundisha mitandao hii wanategemea jambo hilo: ianze na vurugu kiasi, g ya 1.5 hivi, ishara iitiishe. Ukiwa na g kubwa mno haitiishiki, ukiwa na ndogo mno haina utajiri wa kufundishika.

Lini uache na umwite mwenye kazi yake

Kama duara linasema kimya, kipeo cha Lyapunov kinasema vurugu, na umeshapunguza hatua ya muda, umeangalia vikundi, umeangalia wastani, peleka kwa mtu wa hisabati. Peleka jedwali lenyewe na namba tano, si picha.

Wapo wanaotaka kutumia jedwali hilohilo kwa samaki wa ziwa letu, dagaa na migebuka wakiwa ndio niuroni. Wazo si la kipuuzi. Robert May alionyesha mwaka 1972 kwamba jamii ya viumbe iliyounganishwa kwa bahati nasibu hupoteza utulivu pale nguvu ya mwingiliano mara kipeuo cha (idadi ya aina mara sehemu iliyounganishwa) inapopita 1. Ni hisabati moja. Lakini uzito wa nani anamla nani haupatikani kwa kuchota namba, na mvuvi wa Katonga akikuuliza msimu ujao utakuwaje, mwelekeze kwa wataalamu wa uvuvi.

Na kuna anayetaka mtandao uendeshe mota ya pampu. Kwenye skrini, mruko wa ghafla ni mstari uliopanda. Kwenye mota ni kiunganishi kilichowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa sekunde, waya uliopata moto, na bomba lililopasuka. Usiunganishe kabla hujaweka kikomo kilicho nje ya programu na swichi ya kuzimia inayofikiwa kwa mkono. Ukinusa plastiki inaungua, zima kwenye swichi kuu, usiguse mota, mwite fundi umeme mwenye leseni.